Risala ya Kikundi cha Mwandiko kwa Mgeni Rasmi, Ufunguzi wa Maonyesho ya Hati za Georgia

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu, asanteni kwa kufika.

Mheshimiwa, wengi wametuuliza kwa nini tumechagua hati, yaani mitindo ya herufi, za Georgia, nchi ndogo ya milima ya Kaukazi. Tumezichagua kwa sababu Wageorgia wenyewe wanaipenda lugha yao na herufi zake waziwazi. Aprili 14, 1978, maelfu ya watu, wengi wao wanafunzi, waliingia barabarani katika mji mkuu, Tbilisi, kupinga rasimu ya katiba iliyotaka kukiondolea Kigeorgia hadhi ya lugha ya dola. Watawala wa Kisovieti, walioitawala Georgia wakati huo, wakasalimu amri. Vijana wale walituzidi umri kidogo tu.

Hati zao ni tatu. Asomtavruli ni kongwe. Imechongwa kwenye mawe ya kanisa la Bolnisi Sioni tangu mwishoni mwa karne ya 5. Ikaja nuskhuri, kisha mkhedruli yenye herufi 33, inayotumika leo shuleni, magazetini na kwenye simu. Zile mbili bado zinaishi kanisani, na mwaka 2016 UNESCO iliziingiza zote tatu katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika.

Tunakuomba usogee kwenye ubao wa kwanza. Herufi ya ani inakaa katikati ya mistari, bani inapanda juu, gani inashuka chini, na karibu zote zimepinda. Kalamu ya nibu pana, yaani yenye ncha pana, ikipita kwenye mpindo, wino unanenepa na kukonda wenyewe. Wasanii wa Georgia wameutoa mpindo huo kitabuni wakaupeleka kwenye mabango, nembo na kuta. Wapo wanaozirundika herufi mpaka neno halisomeki tena, linabaki umbo. Hapo tulibishana sana kikundini. Wengi wetu tunaamini hiyo nayo ni hati.

Mheshimiwa, nibu pana hatuna. Tunachonga vijiti vya mianzi kwa wembe, na wino unapenya karatasi za daftari. Tunaomba nibu, wino na karatasi nene. Tunaomba pia utuombee ruhusa ya kuziona hati za kale za Kiswahili cha herufi za Kiarabu zilizohifadhiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwani mwakani tunataka kuonyesha hizo.

Sasa tunakukaribisha ukate utepe.

Tunaomba kuwasilisha.