Inueni macho kutoka kwenye daftari: barua kwa wanangu wa wodini

Wanangu wauguzi na wakunga, madaktari, wa maabara na wa dawa, walinzi, madereva, na ninyi wahudumu wa usafi,

Salaam nyingi kutoka huku Tanga. Matroni wenu alinipigia simu wiki iliyopita akaniomba nije Siku ya Wauguzi, tarehe 12 Mei, niseme nanyi dakika kumi. Nimekubali kuja. Lakini nililonalo halienei katika dakika kumi, na mengine kinywa kitaniwia kizito mbele ya wageni rasmi, kwa hiyo natanguliza barua. Ibandikeni penye ubao wa zamu, kila mtu aisome.

Nimekuwa mkunga miaka 34, nikastaafu nilipofika 60. Nimezunguka hospitali kadhaa za mkoa huu, na hiyo nitakayoisimulia siitaji jina, maana kosa lilikuwa langu.

Usiku ule tulikuwa wauguzi wawili wodi ya wazazi. Mwenzangu alikuwa leba, mimi nimebaki na waliokwisha kujifungua, vitanda vimejaa, wengine wamelala wawili wawili. Kama saa tisa hivi nikakaa mezani kujaza mafaili. Mhudumu wa usafi alikuwa anadeki, mama mtu mzima, amenizidi umri. Wiki moja kabla ya hapo mama huyu alikuja kuniambia kwamba kuna mgonjwa hajala tangu asubuhi, nami nikamjibu mbele ya watu: "Wewe mambo ya wagonjwa yanakuhusu nini? Deki sakafu." Nilikuwa nimechoka siku ile. Nikasema, nikasahau. Yeye hakusahau.

Basi akafika kitanda cha dirishani, akaona damu kidogo sakafuni. Akadeki. Akamaliza safu nzima, na aliporudi akakuta damu imejaa tena palepale. Akaja mezani kwangu, akasimama. Niliona gambuti zake na fagio la deki linachuruzika maji, nikasema moyoni, huyu naye anataka nini. Nikaendelea kuandika. Hakusema neno. Alikuwa ananingoja niinue macho, na aliyemfundisha kungoja ni mimi. Zilipita dakika ngapi sijui mpaka leo. Ninachojua ni kwamba nilimaliza ukurasa mzima, nikafungua wa pili. Ndipo akasema, kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa ya kutoka: "Sista, samahani. Kile kitanda cha dirishani kinavuja."

Aliyelala pale alikuwa binti mbichi, uzazi wake wa kwanza, amejifungua saa chache tu nyuma. Amejifunika kanga, mtoto ubavuni, kimya kabisa. Nilipofunua, kanga imelowa yote na godoro limenyonya kila kitu. Wakunga mnajua kwamba damu ya nusu lita baada ya kujifungua tayari ni hatari. Ile ilikuwa imepita hapo mbali sana. Mfuko wa uzazi umelegea kama unga uliokandwa kwa maji mengi. Nikaukanda huku nikimwita mwenzangu, tukampa oksitosini, dawa ya kuukaza mfuko wa uzazi, tukafungua dripu mikono yote miwili. Mlinzi wa getini ndiye aliyekimbia gizani kwenda kumgongea mtu wa maabara. Dereva wa gari la wagonjwa akapimwa, kundi likaoana, akatoa damu yake. Binti akapona. Mtoto wake leo ni mtu mzima.

Nikisimulia kisa hiki watu hunipa hongera. Mimi huwa naiona ile meza. Dawa ilikuwepo usiku ule, dripu zilikuwepo, mkunga mwenye cheti alikuwepo, na jicho lililoiona damu mapema lilikuwepo pia. Njia ya kutoka kwenye jicho lile hadi kwenye mikono yangu ndiyo nilikuwa nimeiziba wiki nzima kabla, kwa maneno machache ya ukali.

Asubuhi nilimfuata stoo ya usafi, nikamkuta anakamua matambara. Nikamwambia, "Shikamoo mama." Tulikuwa tumefanya kazi pamoja miaka minne, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza. Akanitazama, akaitikia marahaba, akaendelea kukamua. Hakunirahisishia, wala sikustahili kurahisishiwa. Nikapindua ndoo nikaikalia, nikamwambia maneno yangu ya wiki ile yalikuwa ya kumdhalilisha, kwamba naomba radhi, na kwamba wodini nalihitaji jicho lake. Akauliza jambo moja tu: "Nikiona kitu, nikuite hata kama unaandika?" Nikamjibu, hata kama nasali.

Tangu siku hiyo, wakati wa kukabidhiana zamu, naye alisimama nasi kando ya vitanda. Ni yeye aliyetuambia mgonjwa gani amelia usiku kucha, nani hana ndugu wa kumletea chakula, bomba lipi halitoi maji. Mambo haya hayaandikwi kwenye faili lolote.

Wanangu, nawaomba mwanzie kwenye salamu, na nitakaa hapa kidogo maana naona mnaipita. Shikamoo haiulizi cheo. Huku kwetu pwani mtoto hufundishwa kumwamkia muuza maji kama anavyomwamkia kadhi, kwa umri wake. Siku nilipokuja kliniki nilimwona daktari kijana sana akipita mbele ya mlinzi mwenye mvi, macho kwenye simu. Sidhani ana kiburi, ana haraka. Lakini mlinzi haioni haraka iliyo kichwani mwa daktari, anaona amepitwa kama nguzo ya geti. Siku kukiwa na jambo getini, atamwambia nani?

Na jina. Jifunzeni majina. "Wewe wa usafi", "yule wa maabara", "yule kiziwi" si majina ya watu. Msidhani bibi anataka tu heshima za zamani. Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa orodha ya kuhakiki usalama wa upasuaji. Someni sehemu ya kabla ya kukata ngozi: kila aliye chumbani anajitambulisha kwa jina na kwa kazi yake. Wataalamu wakubwa walikaa wakaona jambo hilo liwekwe sawa na kuhesabu vifaa. Aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya wenzake, kinywa chake kimeshafunguka, na akiona gozi moja ya kufyonzea damu imepungua kwenye hesabu, atasema, hata kama yeye ndiye mdogo kuliko wote chumbani.

Kuna muuguzi mmoja, mwaka wake wa kwanza kazini, alijichoma kwa sindano iliyotoka kwa mgonjwa. Dawa za kumkinga mtu na VVU zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayotangulia ni faida, kisha zinamezwa siku 28. Yeye alikaa kimya siku mbili. Mkuu wa zamu wa wakati ule alikuwa na mazoea ya kumfokea mtu mbele ya wagonjwa. Tena kijana alijua kwamba akiandikiwa dawa zile, habari zake zitafika kantini kabla ya yeye mwenyewe. Tulikuwa tunakunja mashuka, mimi na yeye, nikamwona anakunja shuka moja, analifungua, analikunja tena, mara ya tatu. Nikamwuliza, "Mwanangu, una nini?" Akalia pale pale na shuka mkononi. Tukaenda pamoja, akaanza dawa siku ile ile. Vipimo vyake vyote vya baadaye vilikuja salama, Mungu ni mwema.

Kwa hiyo mtu akija kukueleza kwamba amekosea, angalia sana neno lako la kwanza. Mimi nilijizoeza kusema: "Umefanya vizuri kuniambia. Tuanzie wapi?" Karipio, kama lipo, lina siku yake na lina chumba chenye mlango.

Na habari za kantini ziishe. Faili la mfanyakazi mwenzako ni faili la mgonjwa, na hali yake ya VVU inalindwa na Sheria ya UKIMWI ya 2008. Nimewajua watumishi waliokuwa wakipanda basi kwenda kuchukua dawa wilaya nyingine, wakati dawa hizo hizo ziko hatua ishirini kutoka walipokuwa wamekaa wakifanya kazi. Ukimsikia mtu anaanza, "Umesikia ya fulani?", ondoka. Huna haja ya kuhutubia, chukua kikombe chako uondoke. Ataelewa.

Wahudumu wa usafi wengi siku hizi wameajiriwa na kampuni ya zabuni, na najua mshahara wao si ninyi mnaoupanga. Lakini yapo yaliyo mikononi mwenu. Mkiitwa kupata chanjo ya homa ya ini aina B, zile dozi tatu, ulizeni kama wao wameitwa, maana taka mnazozitupa ninyi hubebwa na wao. Chai ya saa nne wapewe kikombe, si kile kilichovunjika mkono. Na kundi lenu la WhatsApp: mabadiliko ya zamu yanatangazwa humo usiku, na mwenye simu ya kitochi anakuja asubuhi akiwa hajui lolote, halafu anaitwa mvivu. Andikeni na kwenye ubao.

Mwenzenu akirudi kutoka likizo ya uzazi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa hadi saa 2 kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Inchaji anaweza kumpa ruhusa hiyo na bado asiweze kuitumia, kwa sababu ya macho ya wenzake anapoinuka kwenda. Mwambieni, "Nenda, nimekushikia vitanda vyako." Mimi binafsi nilikamulia maziwa yangu chooni, miaka hiyo. Sitaki yeyote kati yenu apitie hayo.

Kuhusu utani. Naupenda, na wodi isiyo na utani usiku wake ni mrefu. Lakini utani wetu una adabu zake. Wangoni na Wahehe walipigana vita kabla ya kutaniana, na mtani anayekuchokoza leo ndiye atakayekuja kuhangaika kwenye msiba wako kesho. Ni wa pande mbili na una wajibu ndani yake. Anayechekwa peke yake kila siku kwa unene wake, kwa lafudhi yake, kwa kuwa hajaolewa, huyo hataniwi. Mwangalieni akicheka: akiwa anacheka huku anatafuta pa kutazama, acheni.

Yule kijana kiziwi wa maabara, najua kazi yake ni nzuri. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamtaka mwajiri mwenye watu 20 au zaidi awe na asilimia 3 ya wenye ulemavu. Wangapi kati yenu mnajua ishara kumi? Asubuhi njema, asante, haraka, subiri, mgonjwa yuko wapi. Mwombeni awafundishe mbili kwa wiki. Kwenye mikutano mnamwandikia karatasi mwishoni, baada ya kila kitu kuamuliwa. Mtu akae karibu naye aandike tangu mwanzo.

Jambo la mwisho ni zito kwangu. Takwimu za taifa zinaonyesha vifo vitokanavyo na uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Ni kazi kubwa na jasho lenu limo. Lakini mama akifia mikononi mwako, siku hiyo takwimu hazikufai kitu. Mara ya kwanza iliponipata, mwenzangu wa zamu alinisindikiza hadi nyumbani ingawa kwake ni upande mwingine. Akawasha jiko, akanipikia uji. Akailoweka sare yangu kwenye beseni, akaifua, akaianika. Hakuniuliza nini kilitokea. Alipoona nimelala ndipo akaondoka, na jioni akarudi kazini kama kawaida.

Msimwache mtu aende peke yake siku kama hiyo. Na mkikaa kwenye kikao cha mapitio ya kifo, kumbukeni kinachotafutwa ni mahali mambo yalipokwama, bila kutaja jina la mtu. Nimehudhuria vikao vilivyogeuka baraza la kumhukumu muuguzi mdogo kuliko wote. Tulitoka tukiwa tumempata wa kulaumiwa, na kabati la dharura likabaki limefungwa na ufunguo wake haujulikani uko wapi.

Sasa kuhusu zile dakika kumi. Nimezungumza na matroni, na nimekwenda pia kwa yule mama wa gambuti, ambaye amestaafu kama mimi na magoti yanamsumbua. Nimemwomba aje aseme yeye badala yangu, awaeleze aliyoyaona akiwa na fagio la deki miaka yote ile. Alikataa mara mbili. Juzi amekubali, kwa sharti kwamba asisimamishwe kwenye maiki, azungumze akiwa amekaa. Naomba dereva amfuate asubuhi mapema, na kiti chake kiwekwe mbele, karibu na wahudumu wa usafi.

Mama yenu,
mkunga mstaafu, Tanga