Utani wa makabila kwa TV

Mhariri,

Juzi jioni nilikuwa naangalia komedi na watoto, jamaa akashika maiki akaanza "Mluhya akiona kuku..." na hata kabla amalize watu wameshaanguka vicheko. Mtoto wangu wa gredi ya sita hakucheka, akaniangalia akaniuliza, "papa, mbona sisi Waluhya kila siku ni kuku tu?"

Sikuwa na jibu la haraka, manake mimi mwenyewe nimekulia kwa utani wa makabila. Miaka ya 90 kijijini kwetu TV ilikuwa moja, Great Wall ndogo isiyo na rangi inayotumia betri ya gari, na siku ya Vitimbi ama Vioja Mahakamani, vile vipindi vya kuchekesha, mwenye nyumba anaitoa nje kwa veranda tunakaa kwa nyasi wazee kwa watoto. Mzee Ojwang na Kiswahili chake cha Kijaluo, Mama Kayai akimkatiza, Makokha kizimbani anajitetea kwa Kiswahili cha kwetu, Masanduku arap Simiti na Kikalenjin chake, kila mtu anaongea vile kwao wanaongea. Leo unacheka mwenzako, wiki ijayo ni wewe. Lakini kitu nimekuja kuelewa nikiwa mtu mzima ni kwamba Ojwang hakuwa anachekesha kwa sababu ni Mjaluo, alichekesha kwa sababu ni mzee mjanja anayefikiria hakuna mtu anamwona, na kila boma iko na mzee kama huyo. Lafudhi ilikuwa sauti yake tu.

Halafu ikaja uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 na ghasia zilizofuata. Watu zaidi ya 1,100 waliuawa, mamia ya maelfu wakafukuzwa makwao, na kwa vile vizuizi vya barabarani walikuwa wanakujua kwa mambo mawili, jina kwa kitambulisho na ulimi wako. Mimi nilikuwa nafanya kazi Nakuru. Nilipanda matatu nikanyamaza safari nzima, hata konda akiniuliza nashukia wapi nilionyesha na mkono, kwa sababu nikifungua mdomo neno moja tu watajua mimi ni wa wapi. Ile sauti tulikuwa tunacheka nayo kwa nyasi ndiyo sasa nilikuwa naificha ili nifike nyumbani nikiwa hai.

Baada ya hapo nchi ikajaribu kubadilika. Sheria ya utangamano wa kitaifa ilipitishwa 2008, na Katiba ya 2010 kifungu cha 33 inakupa uhuru wa kusema lakini inasema wazi uhuru huo haufiki kwa matamshi ya chuki. Na TV zilikuwa zishaanza kutuonyesha njia ingine ya kucheka. Wachekeshaji wa Redykyulass walimwiga Rais Moi akiwa bado Ikulu, kitu ambacho wazazi wetu wangekitaja kwa kunong'ona, XYZ Show ikaingia 2009 na vikaragosi vya wanasiasa wakubwa wote bila kubagua. Pia marehemu Charles Bukeko aliyetuacha Julai 2020, yule wa kipindi cha Papa Shirandula, aliongea Kiluhya chake wazi kabisa, hata hilo jina Papa ndivyo sisi tunaita baba, lakini stori yenyewe ilikuwa ya mtu anatoka nyumbani na suti kumbe kazi yake ni soja wa geti, anaificha familia. Nani hajui hiyo aibu? Mkikuyu anaijua, Mtaita anaijua, Msomali anaijua.

Sasa ndiyo nashangaa mbona tumerudi kwa Mkikuyu na pesa, Mkamba na uchawi, Mjaluo na kujigamba, sisi na kuku. Hiyo si lafudhi tena, ni kumbandika mtu lebo kabla umjue. Na haiishii kwa TV. 2011 nilienda intavyu kwa kampuni moja, nikajibu swali la kwanza na mmoja wa wale walikuwa wananihoji akarudia neno langu na ile "p" badala ya "b", kwa ile sauti ya komedi, wenzake wakacheka. Nilikuwa nimesoma chuo miaka 3. Kwa hicho chumba hakuna mtu alisikia kitu kingine nilisema.

Naomba wale wanaochagua vipindi kwa stesheni zetu wafanye kitu kimoja, wakiletewa mzaha waondoe jina la kabila waone kama kuna kitu kimebaki, na kama hakuna wamrudishie mwenyewe akaandike upya. Vijana wetu wana vipaji, wanaweza. Na KBC, stesheni ya taifa, ndiko Mzee Ojwang, aliyefariki Julai 2015, alifanyia kazi yake miaka mingi sana. Wairudishe hiyo kazi hewani, isiwe usiku wa manane, iwe jioni watoto wakiwa macho.

Msomaji wenu,
Kakamega