Ramani kuukuu za bonde la Tana zisitupwe

Mhariri,

Sisi wa Lamu tukizungumzia mto Tana tunaishia Kipini, unapoingia baharini, utadhani maji yanachimbuka hapo. Mto unashuka kutoka Aberdare na Mlima Kenya, na ramani za zamani za huko juu zinatuhusu kuliko hao wanaozifungia makabatini.

Nasema zile ramani za topografia, zinazoonyesha umbo la ardhi, za kipimo cha 1:50,000, zilizochorwa kutokana na picha za ndege baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Wapima ardhi walipanda vileleni na vyombo vyao kupata urefu wa vilima. Kisha picha mbilimbili za eneo moja, zilizopigwa kutoka mahali tofauti kidogo, zikatazamwa kwa pamoja, hadi bonde likaonekana limeinuka hapa na kuzama pale, ndipo kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye urefu sawa, zikachorwa. Katika matoleo ya mwanzo urefu uliandikwa kwa futi. Palipo na mteremko mkali, mistari ya hudhurungi imebanana hata ncha ya penseli haipati pa kupita.

Sehemu ya bonde hilo la juu sasa iko chini ya maji ya mabwawa. Bwawa la Kindaruma lilikamilika mwaka 1968, yakafuata Kamburu na Gitaru, Masinga mwaka 1981, halafu Kiambere. Masinga lilijengwa libebe mita za ujazo milioni 1,560. Leo linabeba ngapi? Kila mvua udongo wa mashamba ya milimani unaingia humo, na huwezi kujua umejaa kiasi gani bila kulinganisha kina cha sasa na umbo la bonde la awali. Udongo huo ndio uliokuwa ukishuka na mafuriko hadi kwenye mpunga wa delta na Ghuba ya Ungwana, wanakovuliwa kamba.

Nimewahi kuulizia toleo la kabla ya mabwawa katika afisi moja ya serikali. Karani akaniambia ninunue jipya, hilo limepitwa na wakati. Jipya la nini, ikiwa bonde la zamani limefunikwa na rangi ya samawati ya maji?

Matoleo yote yapigwe skani, na nakala ziwekwe Lamu, Garsen na Hola, si Nairobi peke yake. Na lile bwawa la High Grand Falls linalozungumzwa miaka nenda miaka rudi, likijengwa kweli, bonde lake lipimwe upya kwanza na vipimo tuletewe huku chini kabla maji hayajafungwa.

Mkaazi wa Langoni,
Lamu