Alama ya chini ya kikombe haitoshi

Ndugu Mhariri,

Msomaji mmoja aliandika katika ukurasa huu kwamba mwenye seti ya chai ya kauri ya zamani, akitaka kujua thamani yake, apindue kikombe atazame alama. Naomba nafasi nipinge, kwa kuwa ushauri wa namna hiyo ndio ulioiponza familia yetu.

Alama inayojulikana kuliko zote, yaani panga mbili zilizopishana za kiwanda cha Meissen, Ujerumani, kilichoanzishwa mwaka 1710, iliigwa na karakana nyingine tangu karne hiyo hiyo ya 18, hivyo kuikuta chini ya kisahani peke yake si ushahidi. Jina la nchi lililoandikwa chini ya chombo husaidia kukisia umri, lakini halisemi kama kuna mtu aliyeshika brashi akachora maua kwa mkono, na hilo ndilo lenye uzito katika thamani.

Cha kutazama ni maua yenyewe. Weka vikombe viwili sambamba: ua la mkono halirudiwi sawasawa, hapa jani limepinda zaidi, pale brashi imeishiwa rangi kabla ya kufika nchani. Picha iliyochapwa, ukiitazama kwa lenzi ya kukuzia, mara nyingi huonyesha nukta ndogondogo zilizojipanga. Ukipitisha ukucha juu ya ua la mkono, aghalabu utahisi rangi imeinuka, maana ilipakwa juu ya utando unaong'aa, kisha chombo kikachomwa tena kwa moto mdogo kuliko wa awali. (Vipo pia vilivyochapwa mistari kisha vikajazwa rangi kwa mkono, na hivyo humsumbua hata mzoefu.)

Kwa sababu ya moto huo mdogo, dhahabu ya ukingoni hutoka upesi. Buli la marehemu bibi yetu lilisuguliwa kwa majivu na limau kila ilipokaribia Idi, kwa mapenzi matupu, hadi dhahabu ikabaki chini ya kishikio tu, kidole kisipofika.

Mnunuzi aliyetujia mlangoni alipindua kikombe, akatuambia hakina alama, kwa hiyo ni cha kawaida, nasi tukampa seti nzima kwa bei ya kilo chache za sukari. Alipokuwa akivifunga vikombe kwa magazeti, alipitisha ukucha taratibu juu ya ua la kila kimoja. Siku ile sikujua anatafuta nini.

Msomaji wenu,
Mji Mkongwe, Unguja