Mwekundu nje, mweupe ndani: chunguza waya kabla hujaufunga kwenye gari au boti

Kabla ya kumkatia mteja waya hapa dukani, tunachukua wembe na kukwangua uzi mmoja mbele yake. Hatutaki ategemee maneno ya muuzaji, tunataka aone mwenyewe.

Uzi ukiwa mwekundu nje na ukakwanguliwa ukabaki mwekundu, hiyo ni shaba tupu. Ukiwa mwekundu nje halafu ndani ukatoa weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na sokoni imejaa. Ukiwa mweupe nje, wekundu ukajitokeza ndani, usiukatae: hiyo ni shaba iliyopakwa bati, na kwa boti hakuna waya mzuri kuliko huo. Tumeona watu wakiurudisha wakidhani ni alumini, wakaondoka na alumini yenyewe kwa sababu ilikuwa na rangi ya shaba. Kama huna wembe, beba rola mkononi. Shaba ni nzito zaidi ya mara tatu kuliko alumini ya ujazo uleule.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ya nahodha mmoja wa Kunduchi, mwenye boti ya faiba ya kuvulia. Alituletea pampu ya kutoa maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini ndani ya boti, akaiweka mezani na kusema, "Fundi, hii ya tatu tangu kusi ianze. Maji yanatoka kama mtoto anakojoa." Tukaifunga kwenye betri yetu, ikazunguka vizuri kabisa. Tukamwambia, "Mzee, pampu haina kosa. Twende tukaone boti."

Betri ilikuwa tezi, yaani nyuma ya boti, pampu iko mbele, mita 9 za waya. Waya wenyewe ulikuwa wa nyumbani, wa milimita za mraba 1.5, alumini iliyopakwa shaba. Viungo vilikuwa vimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu. Tulipoifungua tepu, ndani mlikuwa na unga wa kijani, na ukijani huo ulikuwa umepanda chini ya ganda la waya karibu shibiri nzima. Maji ya chumvi hupanda katikati ya nyuzi kama mafuta yanavyopanda kwenye utambi. Tukapima umeme pampu ikiwa inafanya kazi: kwenye betri volti 12.4, kwenye pampu 9.6. Karibu volti 3 zilikuwa zinapotelea njiani, na pampu tatu zilibeba lawama hiyo.

Hesabu yake si ngumu, na tunaomba kila mwenye gari au boti aijue. Chukua urefu wa waya kwenda na kurudi, zidisha kwa ampea zinazovutwa na kifaa, zidisha tena kwa 0.0175, kisha gawa kwa unene wa shaba katika milimita za mraba. Jibu ni volti utakazopoteza. Pampu ile ilivuta ampea 6. Kwenda na kurudi ni mita 18. Hata kama ile 1.5 ingekuwa shaba safi, angepoteza volti 1.26, yaani zaidi ya asilimia 10 ya volti 12. Alumini iliyopakwa shaba hupoteza kama mara moja na nusu ya hapo au zaidi, na viungo vilivyooza vikamalizia kilichobaki. Kwa vitu vya usalama kama pampu ya ngama na taa za kuongozea boti usiku, kiwango kinachokubalika ni asilimia 3. Ndiyo maana tulimfungia 6 ya shaba yenye bati: hasara ikashuka hadi volti 0.3 hivi. Pampu aliyoileta kama mbovu ndiyo iliyorudi botini.

Kwenye gari watu hudanganyika kwa njia nyingine, kwa sababu bodi ya chuma ndiyo njia ya kurudia umeme na umbali unaonekana mfupi. Boti ya faiba au ya mbao haina bodi hiyo. Kila mita unayokwenda, lazima uinunue mara mbili.

Waya wa nyumbani wenye uzi mmoja mgumu usiutumie kabisa kwenye chombo kinachotikisika. Utakatika ndani ya ganda, na utamaliza siku nzima unatafuta wapi. Pia ganda la waya mwingi wa nyumbani limetengenezwa kwa nyuzi joto 70 tu. Jirani na ekzosi hilo ni joto dogo, kwa hiyo kwa sehemu hizo omba waya wenye ganda la nyuzi joto 105 au zaidi.

Usipime waya kwa unene wa ganda. Kuna rola zenye ganda nono na shaba kiduchu. Waya laini wa 2.5 kwa kawaida una nyuzi 50, kila mmoja ukiwa na unene wa robo milimita. Wa 1.5 una 30. Hesabu. Na kwenye rola zinazouzwa kwa namba za Kimarekani, namba ikipanda waya unapungua: 16 ni mwembamba kuliko 10.

Kuhusu fyuzi tuseme wazi. Fyuzi hulinda waya, haiwekwi kwa ajili ya taa wala redio. Ikikatika mara kwa mara, kuweka kubwa zaidi ni kuruhusu waya uwe ndio unaoungua, na ganda likishika moto chini ya dashibodi au karibu na tangi la petroli hutapata muda wa kutafuta maji. Ifunge karibu na betri kadiri unavyoweza, kwa sababu kipande chochote kilicho kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi.

Wenye Fuso na malori mengine ya volti 24 wana nafuu: taa za wati 120 zinazovuta ampea 10 kwenye volti 12, kwao zinavuta 5, hivyo hasara ya njiani hupungua.

Viungo vya boti tunavibana kwa plaizi maalumu, kisha tunavalisha mpira wenye gundi ndani na kuupasha moto hadi gundi itokeze pembeni. Risasi ya kuyeyusha na kuungia waya peke yake hatuitegemei, maana waya hugeuka mgumu pale risasi inapoishia, na hapo ndipo mtikisiko unapoukatia.

Ukija dukani, njoo na wati au ampea za kifaa chako, na kamba uliyoipitisha palepale waya utakapopita, kwenye kona zote. Tutaipima kamba, tutapiga hesabu pamoja nawe, kisha wembe utautumia mwenyewe.