Kikohozi alichokitambua baba

Mhariri,

Msomaji wenu mmoja aliandika wiki iliyopita kwamba kazi ya mwigizaji ni kuburudisha, mambo ya nchi awaachie wenyewe. Nimefundisha sekondari hapa Mbeya miaka thelathini na kulea kikundi cha maigizo, hivyo naomba nafasi nimjibu.

Yupo Mwingereza mmoja, Pete Postlethwaite, mzaliwa wa Warrington mwaka 1946. Alianza kama mimi, mwalimu wa maigizo shuleni, ndipo akaenda kusomea uigizaji Bristol, kisha akapanda jukwaa la Everyman kule Liverpool. Hakuwa na sura ya kuwekwa kwenye bango: mashavu yamebonyea, mifupa imechongoka. Mara nyingi alipewa nafasi za pembeni, lakini filamu ikiisha ni yeye unayemkumbuka. Mwaka 1993 aliigiza Giuseppe Conlon, baba aliyefungwa Uingereza kwa kosa ambalo hakulitenda, akateuliwa kuwania Oscar.

Mimi ninayo filamu yake Brassed Off ya mwaka 1996. Humo anaongoza bendi ya matarumbeta ya wachimba makaa ya mawe, mgodi wao unafungwa, na mapafu yake yamejaa vumbi.

Baba yangu alichimba makaa huku kwetu nyanda za juu mpaka kifua kilipomkatalia. Kiingereza hakukijua. Nilimwekea ile kanda sebuleni kwake Tukuyu, mvua ikipiga bati hata maneno hayasikiki vizuri. Yule mzee alipoanza kukohoa, baba aliweka kikombe chini, akajishika ubavu. "Huyu amechimba," akasema. Nikamweleza kuwa ni mwigizaji tu. Akakataa katakata. Wachimbaji walipompigia mzee wao matarumbeta usiku nje ya hospitali, taa zinawaka kwenye kofia zao, baba alivua kofia yake ya sufu na kuishika magotini mpaka walipomaliza.

Postlethwaite huyohuyo mwaka 2003 aliandamana kupinga vita vya Iraki. Mwaka 2009, kwenye uzinduzi wa filamu ya tabianchi aliyoigiza, The Age of Stupid, alitamka hadharani kwamba serikali ya Uingereza ikiruhusu kituo kipya cha umeme wa makaa cha Kingsnorth, atairudisha nishani ya OBE aliyotunukiwa 2004. Wengi waliupinga mradi ule, na mwaka huohuo ukaahirishwa. Wapo watakaosema aliwageuka wachimbaji. Mimi sioni hivyo hata kidogo. Aliyemwonea uchungu mchimbaji kwa vumbi lililomjaa kifuani, ana haki ya kuuliza moshi wa makaa yaleyale unaishia kwenye kifua cha nani. Kansa ilimchukua tarehe 2 Januari 2011.

Mwezi uliopita vijana wangu walitunga igizo kuhusu akina mama wanaoponda kokoto, wanaokohoa kama baba alivyokohoa. Ukumbi tulioomba tukanyimwa, tukaambiwa turudi na vichekesho. Binti anayeigiza mama mkubwa wa pale machimboni alilia njia nzima ndani ya daladala.

Mhariri, tumeni mwandishi wenu. Tunafanyia mazoezi chini ya mparachichi hapa Uyole, kila Jumamosi saa tisa alasiri. Na huyo msomaji wenu naye aje, nitamwekea kiti cha mbele.

Mwalimu mstaafu,
Uyole, Mbeya