Rehema, usishuke Kitonga na breki hizo

Shoga yangu Rehema,

Hamjambo huko Iringa? Sisi Morogoro wazima, mguu wa mama unaendelea vizuri na Tunu kafaulu. Mengine tutayaongea mkifika, maana ujumbe wako wa jana umeninyima usingizi.

Unasema gari lilikuwa likipiga mluzi ukikanyaga breki, sasa mluzi umekata, linakwaruza tu, na wewe unaona nafuu. Hapana, mwenzangu! Mluzi ule unatoka kwenye kijibati kilichowekwa makusudi kwenye pedi, kile kipande kinachobana diski ya gurudumu: nyama ya pedi ikibaki kama milimita 2 au 3, kijibati kinagusa diski na kulia ili ushtuke. Likianza kukwaruza, mara nyingi nyama imekwisha, ni chuma kwa chuma. Nawe Jumamosi unataka kushuka Kitonga na watoto! Mlima ule unaujua: kona juu ya kona, lori mbele, lori nyuma.

Huyo fundi anayetaka kubadilisha kulia tu kwa vile ndiko kunakolia, mkatalie. Pedi mpya ziwekwe magurudumu yote mawili ya mbele, la sivyo gari litavuta upande mmoja ukifunga breki ghafla. Simama hapo hapo akifungua. Diski ikipoa, pitisha ukucha juu yake. Ukikwama kwenye mifereji, ikachongwe, au ibadilishwe kama imekwisha kuwa nyembamba. Kalipa, kile chuma kinachoshika pedi, isining'inie kwa mpira wa oili, aifunge kwa waya. Na anaporudisha ndani pistoni ya kalipa, ile inayosukuma pedi, aangalie kile kikopo cha oili ya breki, kwa sababu oili itapanda, na ikimwagika inababua rangi ya gari.

Halafu nyuma. Gari lako nyuma lina dramu, ile ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu; ndani mna breki shuu zinazoibana, na zile hazina kijibati cha kukuonya. Mpaka dramu ivuliwe ndipo uone. Amalize upande mmoja kwanza, wa pili ubaki mzima wa kutazamia, maana zile springi ni rahisi kuchanganyika. Akikuta shuu zimelowa oili, usikubali azifute kwa petroli na kuzirudisha. Hapo mara nyingi silinda ya gurudumu inavuja: itengenezwe, na shuu ziwe mpya. Vumbi la humo asilipulize, si zuri kwa mapafu.

Kabla gari halijasogea, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu. Pistoni iliyorudishwa ndani inaacha nafasi, kwa hiyo mkanyago wa kwanza unazama hadi chini. Zungukeni mjini taratibu pedi zishikane na diski. Na huko Kitonga, nakuomba, shuka na gia ndogo. Ukikalia breki toka juu hadi chini zitashika moto hata zikiwa mpya, na breki ya moto haishiki.

Hela isikuzuie. Nitakutumia leo jioni, utanirudishia ukijaliwa.

Sasa niambie: nyuma zilibadilishwa lini mara ya mwisho? Hendibreki bado inashika? Pedali inazama kuliko zamani? Baba Neema analijua hili, au umemficha? Na fundi akishindwa kumaliza kabla ya Jumamosi, mtapanda basi?

Nijibu leo leo.

Wako,
Zuhura